Kupima Maji ya Bahari Iliyo Ndani ya Nyumba

Mabaharia wa pwani yetu, kabla ya kuenea kwa mitambo inayopima kina kwa mwangwi, walitegemea bildi, kipande cha risasi kilichofungwa katika kamba, ambacho kilitoswa majini ili nahodha ajue zimebaki pima ngapi chini ya mkuku wa chombo chake. Kupima maji, katika kauli yao, kulikuwa ni huku kutia bildi, na kazi hiyo haikuwa na saa yake maalumu katika siku: jahazi likiwa kilindini, mbali na nchi, kamba ililala sitahani ikakauka, likikurubia mwamba, au likiingia mlango wa bandari usiozoeleka, kamba ilishuka na kupanda bila ya kupumzika mpaka nanga ikatiwa. Nimewasikia watu wengi wanaoanza kufuga matumbawe nyumbani wakiuliza, aghalabu kwa wahaka, maji ya tangi yapimwe mara ngapi kwa wiki, kana kwamba iko hesabu moja iliyoandikiwa matangi yote ya ulimwengu; nami naona kwamba jawabu lililo karibu zaidi na haki ni lile la manahodha. Maji hupimwa kwa kadiri ya kasi ya mabadiliko yake na kwa kadiri ya ukaribu wa hatari, na kazi ya kwanza ya mfugaji ni kuyajua mambo hayo mawili kwa tangi lake mwenyewe.

Nasema haya nikiwa mkazi wa Maskati, ambako tangi langu la lita 300 limesimama ukumbini kwa miaka kadhaa sasa. Huku Ghuba, kama ilivyo katika miji ya Ulaya na Marekani walikohamia ndugu zetu wengi, hamu ya kuwa na kipande cha mwamba ndani ya nyumba huwashika hasa wale waliozaliwa karibu nao, watu waliokwenda mwambani utotoni maji ya bamvua yakipwa, wakageuza mawe na kuona rangi ambazo hawakuzisahau tena. Hamu hiyo ni njema, ila humdanganya mwenye nayo katika jambo moja: humfanya adhani kwamba kwa kuwa ameijua bahari, amelijua na tangi.

Bahari haihitaji kupimwa na mtu ili iendelee kuishi. Baina ya mwaka 1872 na 1876 meli ya Kiingereza iliyoitwa Challenger ilizunguka bahari kuu za dunia, na mwanakemia William Dittmar akachunguza sampuli 77 za maji iliyorudi nayo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1884, yalithibitisha kwamba ijapokuwa maji ya mahali pamoja huweza kuwa makali kwa chumvi kuliko ya mahali pengine, uwiano baina ya madini yake makubwa haubadiliki ila kidogo sana. Uthabiti huo ni zao la ukubwa. Tumbawe likinywa chokaa katika bahari, hakuna kinachopungua kwa kadiri ya kuonekana, lakini matumbawe kumi yakinywa chokaa ile ile katika lita 300, bila ya mto wa kuirudisha wala mkondo wa kuleta maji mengine, yale yaliyokuwa bahari siku ya Ijumaa huwa ni kitu kingine kabisa Ijumaa ya pili, ilhali macho ya mwenye nyumba yanaona maji yale yale meupe.

Kitu cha kwanza kuondoka ni maji yenyewe. Mvuke hupaa na chumvi hubaki, na tangi la lita 300 lenye chumvi ya gramu 35 kwa kila kilo ya maji, likipoteza lita 4 kwa siku, jambo ambalo si geni katika nyumba inayopozwa kwa kiyoyozi mchana na usiku, hufika yapata gramu 38 na nusu baada ya wiki moja ikiwa hakuna aliyelijaza. Kinachorudishwa ni maji matamu yaliyosafishwa hata hayana madini, wala si maji ya chumvi, kwa sababu chumvi haikwenda popote. Na mwenye boya linalofungua maji peke yake asidhani amesamehewa, maana boya huganda, wazi au limefungwa, na yote mawili ni msiba. Chumvi na ipimwe kila siku katika wiki mbili za mwanzo, mpaka mfugaji ajue tangi lake linapoteza kiasi gani, kisha mara moja kwa wiki, na kila mara kabla ya maji mapya kumiminwa. Neno hili la mwisho linawahusu zaidi wale wenye bahati ya kuishi ufuoni, ambao huchota maji baharini badala ya kuchanganya chumvi ya kununua: maji yaliyochotwa Malindi wakati Mto Sabaki umefurika si maji yaliyochotwa mahali pale pale wakati wa kaskazi, na kila pipa lina haki ya kupimwa peke yake.

Chombo cha kupimia chumvi nacho kina hila zake. Rifraktomita, ile darubini ndogo inayosoma chumvi kwa mpindo wa nuru katika tone moja la maji, isawazishwe kwa maji ya kipimo yanayojulikana kuwa na gramu 35, wala isisawazishwe kwa maji matupu peke yake, kwani nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kupima chumvi ya chakula na si mchanganyiko wa bahari, na zikisema kweli kwenye sifuri huweza kusema uwongo pale mfugaji anapozihitaji. Haidromita ya mshale hushikwa na povu dogo likainua mshale na kumpa mtu chumvi asiyokuwa nayo. Ama joto, halina ratiba. Kipimajoto kiwekwe mahali ambapo jicho litakiona kila mtu anapopita, na kisimame kwenye digrii 25 au 26. Waliokuwako pwani mwaka 1998, joto la El Niño lilipopausha matumbawe kutoka Kenya hadi Tanzania na visiwa vyake, hawahitaji kuelezwa kwamba tumbawe haliombi joto kubwa sana ili life; linahitaji digrii moja au mbili tu juu ya kawaida yake, na wiki chache za kuvumilia.

Tangi jipya ni bandari usiyoijua, na hapo bildi haipumziki. Chakula kinachooza na kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Jamii moja ya bakteria huigeuza kuwa nitriti, na jamii nyingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huhitaji muda wa kuongezeka, aghalabu wiki tatu mpaka sita, na muda huo hupungua mtu akitumia mawe hai kutoka baharini, njia iliyoenezwa na Lee Chin Eng wa Indonesia alipoandika mwaka 1961 juu ya kufuga viumbe wa bahari kwa msaada wa mawe, nuru na mapovu ya hewa. Katika siku hizo amonia ipimwe kila baada ya siku mbili, na nitriti vivyo hivyo tangu amonia inapoanza kushuka. Nitreti isipimwe kabla nitriti haijaisha, kwa maana vipimo vingi vya nitreti hufanya kazi kwa kuigeuza kuwa nitriti kwanza na kisha kuipaka rangi, na nitriti iliyokwisha kuwamo hujihesabia humo ikampa mfugaji namba ya kumtisha bure. Amonia na nitriti zikisimama kwenye sifuri kwa wiki nzima, ilhali tangi linalishwa, vichupa vyake viwekwe kabatini. Visitupwe, kwa sababu siku samaki atakapotoweka nyuma ya mawe, au umeme utakapokatika usiku kucha, au jiwe kubwa litakapoinuliwa na mchanga kutibuka, vitahitajiwa saa ile ile.

Sasa nafika kwenye kipimo ambacho, lau ningeamriwa kubaki na kimoja tu, ndicho ningekishika na kuviacha vingine vyote. Nacho ni alkali ya maji, yaani uwezo wake wa kupokea tindikali bila ya kugeuka, uwezo ambao katika bahari unatokana zaidi na bikaboneti na kaboneti, na ndizo hizo ambazo tumbawe huzitwaa pamoja na kalsiamu likajenga mifupa yake ya chokaa. Wafugaji huihesabu kwa digrii za Kijerumani ziandikwazo dKH. Maji ya bahari huwa na digrii 7 hivi. Matangi mengi hushikwa baina ya 7 na 9, na wako wanaopanda mpaka 11. Mimi napenda 8 na kitu, lakini sitagombana na mtu anayependa 9, maana tumbawe halimwulizi mfugaji amechagua namba gani. Linamwuliza kwa nini namba ya jana si ya leo.

Kwa nini alkali na si kalsiamu, ambayo ndiyo inayotajwa na kila mtu? Sababu iko katika mizani. Tumbawe linapojenga hutwaa vyote viwili kwa uwiano mmoja: kwa kila digrii 2.8 za alkali zinazotoweka, hutoweka miligramu 20 hivi za kalsiamu katika kila lita. Katika tangi lenye digrii 8 za alkali na miligramu 420 za kalsiamu, upungufu huo ni zaidi ya theluthi ya alkali yote, lakini ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya kalsiamu. Kalsiamu ni ghala kubwa ambalo mwizi anaweza kuliibia mwezi mzima kabla ya mwenye mali kushtuka. Alkali ni mfuko wa matumizi ya siku, na ukiguswa hujulikana usiku ule ule. Basi anayetaka kujua matumbawe yake yanakula kiasi gani na autazame mfuko.

Njia ya kuujua ulaji huo ni nyepesi, ingawa inataka subira ya wiki moja. Fikisha alkali mahali unapopataka, acha kuongeza chochote, kisha pima kila siku kwa saa moja isiyobadilika. Tuseme Jumatatu umesoma 8.4 na Ijumaa umesoma 7.2: katika siku nne imepotea digrii 1.2, yaani 0.3 kwa siku. Kalsiamu katika siku hizo imepungua kwa miligramu 9 hivi, tofauti ambayo vipimo vingi vya matone haviwezi kuionyesha kwa yakini, na ungeliitegemea ungeapa kwamba hakuna kilichotokea. Kuirudisha digrii moja katika lita 300 kunataka gramu 9 za bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuumulia keki, ikiwa ni safi na haikuchanganywa na kitu kingine. Kwa hiyo tangi letu la mfano linataka gramu 2.7 kila siku, pamoja na kloridi ya kalsiamu kwa kadiri inayolingana nayo, vikitiwa mbalimbali na kwa nyakati tofauti, kwani vikikutana kabla ya kuenea majini huganda vikawa theluji nyeupe isiyolifaa tumbawe.

Ukiisha kuujua ulaji, swali la mara ngapi hujijibu lenyewe, na hii ndiyo kanuni ninayoifuata mimi: muda baina ya kipimo na kipimo usizidi muda ambao maji yangetumia kusafiri kutoka mahali unapopapenda mpaka mahali unapopaogopa, kama kuongeza kungekoma leo. Mwenye kusimama kwenye 8.2 na kuogopa 7 ana nafasi ya digrii 1.2. Ikiwa tangi lake linakula 0.3 kwa siku, nafasi hiyo ni siku nne, na kwa hiyo apime kila baada ya siku nne kwa uchache. Ikiwa amefuga matumbawe laini, yasiyojenga mawe, na ulaji ni 0.1, ana siku kumi na mbili, na kumwambia apime kila siku ni kumchosha bila ya faida. Ikiwa ukumbi wake umejaa akropora, matumbawe magumu yenye matawi, na ulaji ni 1.2, ana siku moja tu, na awe tayari kuchukua sirinji na kichupa kila jioni kama anavyochukua mswaki, hata tangi lake likiwa na umri wa miaka mitano na uzuri wa kuwaita majirani.

Ulaji wenyewe hausimami. Tumbawe linalokua hula zaidi ya lilivyokula lilipokuwa dogo, kwa hiyo hesabu iliyokuwa sahihi mwezi wa Muharamu haitakuwa sahihi mwezi wa Rajabu, na mfugaji ambaye daftari lake linaonyesha alkali ikiteremka polepole kwa wiki tatu, ingawa kiasi anachoongeza hakikubadilika, asilaumu dawa. Ameletewa habari njema kwamba viumbe wake wanakua. Vilevile yako matukio yanayomrudisha mtu mwanzo wa safari, akapime kila siku au kila baada ya siku mbili kwa muda wa wiki mbili kama kwamba tangi ni jipya: kuingiza matumbawe mengine, kukata na kuondoa makubwa, kubadili taa, kufungua ndoo ya chumvi ya aina nyingine, kubadili dawa au namna ya kuitia. Baada ya kila tukio kama hilo mwamba umesogea, na ramani ya zamani haifai.

Hapa nitasimama kidogo kwa jambo ambalo hunigusa kila ninapolifikiri. Wafugaji wa Ulaya walikuta zamani kwamba maji ya chokaa, yaani hidroksidi ya kalsiamu iliyokorogwa katika maji matamu na kuachwa itulie, huongeza alkali na kalsiamu pamoja kwa uwiano ule ule ambao tumbawe hutumia, na mpaka leo ni njia nzuri kwa tangi lenye ulaji wa wastani. Chokaa hiyo ni ndugu wa chokaa iliyojenga Lamu, Mombasa na Unguja, ambayo wazee wetu waliipata kwa kuchoma matumbawe katika tanuu la magogo, wakaizimua kwa maji, wakaikandika kutani na kuila katika tambuu. Walilitoa jiwe baharini wakaligeuza unga. Mfugaji huutwaa unga akaugeuza jiwe tena. Walakini nasihi yangu ni kwamba asitumie chokaa ya kupakia nyumba, ambayo ina uchafu usiojulikana, bali ile safi inayouzwa kwa kazi ya chakula au ya maabara. Aitie tone kwa tone, hasa usiku, kwa kuwa maji yake ni makali mno, na kikombe kizima kikimiminwa kwa mkupuo huweza kuua asubuhi isijafika.

Kalsiamu, kwa sababu nilizozieleza, yatosha kupimwa mara moja kwa wiki mbili, na iwe baina ya miligramu 400 na 450. Magnesiamu, ambayo kazi yake kubwa ni kuzuia chokaa isigande ovyo majini, hushuka kwa mwendo wa kobe. Ipimwe mara moja kwa mwezi, na isimame karibu na 1300. Alkali na kalsiamu zikikataa kupanda ingawa unaziongeza kwa uaminifu, hapo pima magnesiamu siku ile ile, kwa maana huenda ndiyo iliyopungua na kuviacha vingine vigande juu ya hita na pampu.

Nitreti na fosfeti zinataka maneno zaidi, kwa kuwa mafundisho yake yamegeuka. Zamani mfugaji alisifiwa kwa kuzifikisha sifuri, na wako waliojivunia maji yasiyo na chochote huku matumbawe yao yakipauka kwa njaa na mchanga ukitandwa na vijidudu vya rangi ya kahawia, vinata kama kamasi, ambavyo hupenda maji yaliyokaukiwa na virutubisho hivyo. Sasa wafugaji wengi wamekubaliana kwamba tumbawe linataka kidogo, nitreti ya miligramu 2 mpaka 10 kwa lita na fosfeti ya 0.03 mpaka 0.1, na kwamba sifuri ni maradhi kama ulivyo wingi. Pima zote mbili mara moja kwa wiki mpaka ujue tabia yake, kisha kila baada ya wiki mbili. Ukitia punje za chuma zinazonasa fosfeti, pima baada ya siku mbili wala usingoje wiki, kwa sababu punje mpya huweza kuifuta yote kwa pupa na kulitetemesha tangi zima. Na mwenye mashine ndogo inayosoma rangi kwa nuru aangalie vema kama inasoma fosfeti au fosforasi. Ikiwa ni fosforasi, azidishe kwa 3.07 kabla ya kufurahi.

Juu ya pH, ile mizani ya ukali wa tindikali iliyowekwa na Søren Sørensen huko Copenhagen mwaka 1909, nina maneno machache. Hupanda mchana taa zinapowaka, kwa kuwa mwani na matumbawe hutumia hewa ya kaboni iliyomo majini, na hushuka usiku, ikafika chini kabisa kabla ya alfajiri. Basi kipimo cha saa mbili asubuhi na kipimo cha saa mbili usiku vyaweza kutofautiana bila ya kuwako kasoro yoyote. Ikibaki baina ya 7.8 na 8.4, iacheni. Ikiwa chini ya hapo ilhali alkali ni nzuri, aghalabu kosa ni la nyumba iliyofungwa madirisha na kujaa pumzi za watu, na dawa yake ni dirisha.

Idadi ya vipimo haina thamani kuliko uaminifu wake. Pima kwa saa ile ile ya siku. Suuza kichupa kwa maji ya tangi kabla, na kwa maji matamu baada. Tikisa chupa ya kitendanishi kwa muda ulioandikwa, si kwa muda unaouona unatosha, kwani katika vipimo vya nitreti unga uliotulia chini ndio wenye kazi. Soma rangi kwa nuru ya dirishani, wala si chini ya taa za buluu za tangi ambazo hulifanya kila jambo liwe zuri. Andika tarehe ya kufungua juu ya kila chupa, na itakapopita tarehe ya mwisho uitupe bila ya huruma. Namba ikikushangaza, pima tena kabla hujagusa dawa yoyote. Ikikushangaza mara ya pili, pima maji ya kipimo ambayo jawabu lake linajulikana, ujue kama mwongo ni tangi au ni chupa. Kila kipimo cha nyumbani kina hitilafu yake, na katika alkali hitilafu hiyo yaweza kufika nusu digrii. Ndiyo sababu sipendi desturi ya wale wanaopima mara tatu kwa siku na kuongeza au kupunguza kila mara: wanaifukuza hitilafu ya kichupa wakidhani wanaongoza tangi, na tangi, ambalo lingetulia kama wangelala, huyumba kwa sababu ya mikono yao.

Nami nilijifunza upande wa pili wa jambo hili kwa hasara. Mwaka mmoja, baada ya miezi mingi ya alkali iliyokaa kwenye 8.3 kama iliyopigiliwa misumari, nilisafiri kwenda Unguja kwa Idi, nikakaa wiki tatu. Mpwa wangu alibaki na nyumba, nami nikamwachia kazi mbili, kulisha samaki na kujaza maji matamu. Kupima sikumfundisha, kwa kuwa daftari langu lilionyesha mstari ulionyoka, na niliudhania mstari ule kuwa ni tabia ya tangi, kumbe ulikuwa ni kazi ya pampu inayotia dawa ya alkali majini. Katika wiki ya pili mrija wa dawa ya alkali uliziba kwa chokaa iliyogandia kwenye ncha yake. Pampu iliendelea kunguruma, taa yake iliendelea kuwaka, na kijana hakuona lolote. Niliporudi nilipima, nikasoma 5.4. Hapo nilifanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza: kwa uchungu wa kuyaona yale matawi yamefifia, niliirudisha alkali yote katika usiku mmoja. Yale ambayo upungufu uliyadhoofisha, pupa yangu iliyamaliza. Ngozi ilianza kuchunika kwenye ncha asubuhi ya pili, na katika siku sita nilipoteza akropora nne nilizokuwa nimezilea tangu zikiwa na urefu wa kidole. Tangu siku ile sipandishi alkali zaidi ya digrii moja kwa siku, hata ikiwa iko chini kiasi gani, na siusifu mstari ulionyoka mpaka nijue ni nini kinachounyoosha.

Matumbawe magumu, ambayo biashara yake baina ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, si kitu cha kupoteza na kununua tena kama glasi. Kwa hiyo sasa, kila ninapokusudia safari, huanza siku kumi kabla. Napima alkali siku mbili mfululizo na pampu ikifanya kazi, kisha naizima pampu siku moja na kupima tena, ili nijue ulaji wa wakati ule na si wa mwaka jana. Nasafisha ncha za mirija kwa siki. Nahesabu zile siku za usalama kwa kanuni niliyoieleza, na muda huo ndio ninaompa mwangalizi. Mpwa wangu sasa anajua kutumia sirinji na kuhesabu matone, na alijifunza kwa jioni mbili. Juu ya kioo, upande wa ukutani, nimebandika karatasi iliyoandikwa kwa wino mzito: Jumatatu na Alhamisi, saa moja usiku, pima alkali, andika. Ikiwa 7.8 au zaidi, usifanye kitu. Ikiwa chini ya 7.8, pima tena. Ikiwa bado chini, tazama ncha ya mrija, kisha nipigie simu, hata kama ni usiku wa manane.